Je, ni Vibaya Kusubiri Ahsante? Mwalimu Anajibu Barua za Wasomaji

Barua nne nilizochagua mwezi huu zimetoka Uyole, Mafinga, Njombe na Tukuyu. Walioziandika hawajuani, lakini wote wananiuliza jambo lenye mzizi mmoja: mtu afanye nini na hisia ambayo hakuialika, na ambayo ndugu na majirani wanamwambia kuwa hakupaswa kuwa nayo. Nimezifupisha barua hizo bila kugusa kiini chake, na majina yote nimeyaacha.

SWALI (Uyole, Mbeya)

Shikamoo Mwalimu. Ninafanya biashara ya viazi mviringo hapa Uyole na ni mama wa watoto watatu. Baba yetu alifariki mdogo wangu akiwa darasa la sita, na mama alikuwa mgonjwa, kwa hiyo niliacha shule nikiwa kidato cha pili ili yeye asome. Wakati ule elimu bila ada ilikuwa bado. Shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake kulikuwa na michango, sare na madaftari. Nilimlipia mpaka akamaliza kidato cha sita. Alipokwenda chuo alipata mkopo wa serikali, lakini nauli na fedha ya matumizi ilitoka kwenye viazi. Leo ni mtumishi Dodoma, ameolewa na anaishi vizuri. Hunipigia simu Krismasi, au kukiwa na msiba. Mwaka jana mwanangu alipolazwa nilimwomba shilingi 150,000, akanitumia 50,000 na ujumbe: "Pole dada, mambo magumu." Mume wangu ananiambia tenda wema nenda zako. Mchungaji ananiambia thawabu yangu iko mbinguni. Sitaki anilipe, lakini uchungu unanipanda kila ninaposhona gunia. Je, nina roho mbaya?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Huna roho mbaya, na ningependa uanze kwa kuliacha swali hilo, kwa sababu limekufanya ujishitaki kwa jambo ambalo binadamu wote wanalo. Mtu aliyetoa sehemu ya maisha yake kwa ajili ya mwenzake hutamani ijulikane kuwa alitoa, na hata yule anayetoa kwa siri huwa na tumaini lake moyoni kwamba ipo siku itajulikana.

Mumeo anakutakia mema, lakini methali anayokupa ameiweka mahali pasipo pake. Tenda wema nenda zako ni shauri zuri kwa anayempa maji msafiri au anayemvusha mgeni mtoni, yaani kwa yule ambaye akishatenda wema wake kweli anakwenda zake. Wewe hukwenda popote. Ulibaki Uyole, ukaamka alfajiri mwaka baada ya mwaka kusubiri viazi vinavyoshuka kutoka Uporoto, ukajaza lumbesa, ukashona midomo ya magunia kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, na uliyemtendea wema ni wa tumbo moja nawe, ambaye mtakutana katika kila harusi na kila msiba mpaka mmoja wenu azikwe. Kumwambia mtu wa namna hiyo aende zake ni kumnyamazisha tu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu katika koo zetu wanaonyamazishwa kwa methali hiyo karibu wote ni dada wakubwa.

Umeniambia kuwa hutaki kulipwa, nami nakuamini. Ukitazama vizuri utaona kwamba zile 100,000 zilizopungua hazikukuliza. Lililokuliza ni lile neno "mambo magumu", ambalo angeweza kumwandikia mtu yeyote, hata mfanyakazi mwenzake anayechangisha harusi. Laiti angekutumia 10,000 na kuandika kwamba anakumbuka ulivyomuuguza yeye mwenyewe alipokuwa mdogo, nadhani usingeniandikia barua hii.

Sasa tumtazame mdogo wako, na nisieleweke kwamba namtetea. Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona jambo ambalo naliona kila mwezi katika barua zenu: kwamba aliyesaidia humpenda aliyesaidiwa kuliko aliyesaidiwa anavyompenda aliyemsaidia. Sababu aliyoitoa ni kwamba aliyesaidia humwona mwenzake kuwa kazi ya mikono yake, na kila fundi huipenda kazi yake kuliko ambavyo kazi hiyo, ingepewa uhai, ingempenda fundi. Mimi ningeongeza upande wa pili. Wewe ukimwona mdogo wako unaona mafanikio. Yeye akisikia sauti yako anasikia tena siku aliyorudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, anakumbuka sweta lililotoboka viwiko, anakumbuka nyumba ilivyokuwa kimya baba alipoondoka. Inawezekana kabisa kwamba anayemkimbia ni yule mtoto aliyekuwa yeye, na wewe ndiye shahidi wa karibu kuliko wote wa maisha hayo.

Kisha kuna uzito wa deni lisilo na kipimo. Mkopo wa chuo una hesabu yake na una siku ya kuisha, lakini hakuna aliyewahi kumwambia mdogo wako anadaiwa nini na wewe. Tunaijua sote tabia ya mtu aliyekopa sukari dukani kwa Mangi: ataanza kupita uchochoro wa nyuma, hata kama Mangi hajamuuliza wala hana hasira naye, na kadiri siku zinavyopita ndivyo anavyozidi kuona aibu kujitokeza, mpaka mwishowe anamchukia Mangi wa watu bila kosa. Anayetazama kwa mbali ataiita dharau, kumbe ni aibu.

Lipo pia jambo ambalo barua yako haikulisema. Je, mdogo wako anajua? Alikuwa darasa la sita. Katika nyumba nyingi mtoto anayesomeshwa hufichwa gharama ili asome kwa utulivu. Huambiwa kwamba dada ameacha shule kwa kuwa hakuipenda, au kwa kuwa biashara inalipa zaidi. Miaka mingi baadaye familia ile ile inamlaumu kwa kutojua kile ambacho yenyewe ilimficha. Kwa hiyo nakushauri umwambie. Usimwambie kwa simu, wala usimwambie siku unayoomba fedha, maana mambo hayo mawili yakikutana atasikia la fedha tu. Na usiandike kamwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako yatakuwa masimango mbele ya mashemeji. Msubiri aje nyumbani, mkae jikoni wawili, umweleze jambo dogo lililo kweli: ulikuwa na umri gani ulipoacha shule, ni somo gani ulilipenda, na madaftari yako uliyafanya nini. Usiongeze neno la lawama. Akinyamaza, mwache anyamaze, kwa sababu habari ya namna hiyo humchukua mtu majuma kadhaa kuipokea.

Sehemu ya mwisho ni ngumu zaidi kuisema, na naomba uipokee kwa upole. Naona katika uchungu wako kipande ambacho hakimhusu mdogo wako hata kidogo. Ulipoteza shule yako. Baba hayupo, mama hakuweza, na shule za wakati ule zilitaka ada. Katika wote waliohusika amebaki mdogo wako peke yake wa kudaiwa, kwa hiyo unamdai yote. Hata angekutumia milioni, msichana yule wa kidato cha pili asingerudi darasani. Lakini wewe uliye leo unaweza kurudi kama bado unatamani. Ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na upo Mtihani wa Maarifa unaoendeshwa na Baraza la Mitihani, ambao humfungulia mtu aliyekatisha masomo njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Sikuambii hivyo ili usahau ya nyuma. Nakuambia kwa sababu uchungu wa kitu kilichokatishwa hupungua kinapoendelezwa, na kazi hiyo shukrani ya mtu mwingine haiwezi kuifanya, hata ije na magoti.

SWALI (Mafinga, Iringa)

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 34, mtoto wa kwanza. Baba alifanya kazi ya mbao maisha yake yote, na alifariki mwezi wa tatu. Msibani sikutoa chozi hata moja. Nilisimamia jeneza, chakula, usafiri wa wageni na daftari la michango, na shangazi zangu wakasema kwa sauti ili nisikie: "Huyu alikuwa na jambo gani na baba yake?" Mwezi wa sita baridi ilipoanza, mama alinipa koti la baba. Nilikuwa stendi nikisubiri gari la Iringa, nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta kipande cha penseli ya seremala kilichochongwa kwa kisu. Nililia mbele za watu mpaka nikashindwa kupanda gari. Tangu siku hiyo hali ile hunirudia. Wadogo zangu wanasema msiba umekwisha na kwamba nitaonekana kituko. Je, nina tatizo?

JIBU

Marahaba, kijana wangu, na pole sana kwa msiba wa mzee. Huna tatizo. Ulichelewa kulia kwa sababu ulikuwa kazini.

Katika misiba yetu ya siku hizi mtoto wa kwanza wa kiume hapewi nafasi ya kuwa mfiwa; anakuwa mwenyekiti wa kamati. Wakati wenzake wameketi mkekani, yeye anaulizwa masufuria yako wapi, maturubai yameshalipiwa au bado, mchungaji atafika saa ngapi, gari lenye mwili limeshatoka hospitali. Akili iliyobebeshwa kazi kubwa namna hiyo huiahirisha huzuni, na huzuni iliyoahirishwa hungoja mpaka kazi iishe, kisha huja kupitia kitu kidogo ambacho mtu hakujiandaa nacho, kama harufu ya mbao mbichi za msindano, au kikohozi cha mzee mwingine kwenye gari. Kwako ilikuwa penseli. Jeneza lilikuwa la watu wote, walilichangia na wakalibeba. Penseli ile ilikuwa ya baba yako peke yake, na alama za kisu zilizo juu yake ni za mkono wake. Sioni ajabu kwamba ndiyo iliyokuliza.

Wazee wa zamani walilijua hilo, na walimpangia mwanamume mahali pa kuweka huzuni yake. Watafiti wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa Rungwe katika miaka ya 1930, waliandika jinsi mazishi ya Wanyakyusa yalivyokuwa: wanawake wakilia kwa sauti karibu na marehemu, na wanaume wakicheza ngoma kwa nguvu pale pale uwanjani, na mchezaji hakuhesabiwa kuwa amemkosea aliyekufa. Kijana wa leo hakuachiwa kilio wala ngoma. Ameachiwa daftari la michango.

Kuhusu wadogo zako wanaosema kwamba msiba umekwisha, wakumbushe kuwa mkoa wenu ndio wenye Kalenga. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na fuvu lake likachukuliwa likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaka lirudishwe, lakini halikurudi mpaka Juni 1954, gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, hapo Kalenga ambako limehifadhiwa. Ilipita miaka 56, na wengi wa walioliona likirejea walikuwa hawajazaliwa alipokufa, lakini sijawahi kumsikia Mhehe akisema kwamba siku ile haikuwa na haja kwa kuwa msiba ulikwisha zamani. Kwako imepita miezi michache tu.

Nenda kaburini peke yako, siku ambayo hakuna ibada wala wageni, ukae kadiri utakavyo. Jioni nyingine kaa na mama umwombe akusimulie baba alivyokuwa kabla hujazaliwa. Huenda naye anatafuta wa kumsimulia, kwa maana watu huacha kumtaja marehemu mbele ya mjane wakidhani wanamhurumia, na wengi wa wajane hao wangetamani jina lile litajwe kila siku. Shangazi zako usiwajibu. Wao nao walikuwa wamefiwa na kaka yao, na kauli ile ilikuwa sehemu ya kilio chao, ingawa walikosea kuitupa mbele yako. Koti livae. Lakini ukiona usingizi umekukimbia majuma kwa majuma, chakula hakipiti, pombe ya ulanzi imekuwa ya kila siku, au yanakujia mawazo ya kutaka kumfuata baba, usingoje hata siku moja: nenda hospitali, tena uende na mtu, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi.

SWALI (Njombe)

Kamwene Mwalimu, ndivyo nilivyofundishwa kusalimu huku. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Tanga, na nimepangiwa kazi Njombe mwaka huu. Tangu mwezi wa sita nina huzuni isiyo na sababu. Nikitoka kazini, saa kumi na mbili nimeshafunga mlango. Nimesoma kwamba Ulaya watu huugua huzuni majira ya baridi. Je, ndicho nilichonacho?

JIBU

Kamwene, mwalimu mwenzangu. Sidhani. Huzuni ya majira inayosemwa Ulaya huhusishwa na upungufu wa mwanga, kwa kuwa katika nchi za kaskazini mchana wa Desemba unaweza kuwa wa saa nane au chini ya hapo. Njombe iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mfupi wa Juni na mchana mrefu wa Desemba ni takriban saa moja tu. Jua unalo, ijapokuwa ukungu hulificha asubuhi. Ulichokosa ni watu. Tanga ulizoea baraza, jioni mlango uko wazi na kila apitaye anasalimia. Huku baridi huwaingiza watu ndani mapema, maisha yanahamia jikoni penye moto, na mgeni asiye na jiko la kukaribishwa hubaki na kuta zake. Wenyeji hawajakutenga, wanadhani nawe uko kwenye moto wako. Usisubiri kualikwa. Chukua sukari au mkate, nenda kwa mwalimu mwenzako mwenye familia, ukaote moto nao, na ufanye hivyo mpaka wakuzoee. Mvua zikianza, panda gari uende Makete ukaone maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu.

Jambo moja nakusihi kwa nguvu zangu zote, na nawasihi wageni wote wa nyanda hizi: usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu usingizini asiweze hata kuamka na kufungua mlango. Ota moto, kisha jiko litoke nje kabla hujapanda kitandani.

SWALI (Tukuyu, Rungwe)

Mwalimu, salaam. Mimi ni mzee wa miaka 71. Mwaka 2018 mdogo wangu, wa baba mmoja na mama mmoja, aliuza sehemu ya shamba la migomba na chai tuliloachiwa na marehemu baba, bila kuniambia, kisha akahamia Kyela na fedha. Hatujasemezana tangu hapo. Sasa amerudi kijijini akiwa mgonjwa sana, na watoto wangu pamoja na wazee wa kanisa wananihimiza nikamsamehe. Nilipoambiwa kwamba anaumwa nilifurahi, Mwalimu. Furaha hiyo imenitisha, na sijamwambia mtu. Je, naweza kumsamehe nikiwa bado nayo? Na nikisamehe, shamba ndiyo limekwenda?

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa kuandika neno hilo bila kulipamba, kwa sababu wengi walio na furaha ya namna hiyo huifunika kwa maneno ya dini mpaka wao wenyewe wanasahau kuwa ipo. Kufurahi aliyekudhulumu anapoanguka hakumaanishi kwamba ulitamani afe. Kwa miaka yote hii ulikuwa ukisubiri mtu mmoja tu aseme kwamba ulikosewa, na nina hakika ulichoambiwa ni uvumilie, yaishe. Ugonjwa ulipokuja, moyo wako uliuchukua kuwa hukumu iliyotolewa kwa niaba yako. Sikubaliani na moyo wako katika hilo, maana ugonjwa huwapata wema na wabaya, lakini naelewa kwa nini uliidaka hukumu ya kwanza iliyopita karibu.

Nilimtaja Monica Wilson katika jibu la kijana wa Mafinga. Aliandika mambo mawili kuhusu kwenu ambayo huenda uliyasikia kwa baba yako kabla mimi sijayasoma. La kwanza ni imani ya Wanyakyusa juu ya pumzi ya watu, kwamba manung'uniko ya majirani dhidi ya mtu aliyekosa humletea baridi mwilini na ugonjwa. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu mzee wa Rungwe anayesikia kwamba mdogo wake aliyemdhulumu yuko kitandani anaweza kujiuliza usiku kama hasira yake ndiyo iliyomlaza. Ikiwa swali hilo limekupitia, nakuambia waziwazi kwamba hasira yako haikumfanya augue, na anachohitaji ni hospitali. La pili ni kwamba katika mila hizo ndugu waliogombana hawakupatanishwa kwa kunyamazishwa. Walipaswa kutamka hasira zao kabla ya tambiko, kwa kuwa tambiko lililofanywa huku mtu ameficha kinyongo lilihesabiwa kuwa halina nguvu. Wewe ni mtu wa kanisa, nami sikutumi kwenye tambiko. Nasema tu kwamba wazee wale walikuwa na busara ambayo wanaokuhimiza leo wameiruka: wanataka useme "nimekusamehe" kabla hujapata nafasi ya kusema "ulinikosea".

Kwa hiyo nenda ukamwone, wala usingoje furaha hiyo iondoke kwanza. Kumtembelea mgonjwa wa tumbo moja nawe ni wajibu wa ndugu, na hakukufungi kusema lolote. Siku ya kwanza muulize hali, kaa kidogo, rudi nyumbani. Pengine ukiiona mikono yake ilivyokonda furaha ile itageuka kuwa kitu kingine, na pengine haitageuka; usijilazimishe. Siku nyingine, akiwa na nguvu na mkiwa wawili, mwambie kwamba mwaka 2018 alikukosea na kwamba umeumia. Akiomba radhi na moyo ukakubali, mpe. Usipokubali, mwambie kweli: "Bado sijafika huko, lakini nimekuja, na nitakuja tena." Mgonjwa hujua kutofautisha maneno hayo na msamaha uliokaririwa, na naamini ya kwanza yatampa nafuu zaidi, kwa sababu kaka anayesema kweli bado ni kaka.

Shamba ni jambo jingine, na usikubali mtu akuchanganyie mambo hayo mawili. Unaweza kumsamehe mdogo wako leo na kesho ukaendelea kudai mpaka wa baba yenu. Sheria ya ukomo inatoa miaka 12 kwa madai ya kurejesha ardhi, hivyo dai la mwaka 2018 bado li hai, ingawa halipaswi kucheleweshwa. Kama mirathi ya baba haikufunguliwa, anzeni na hilo katika Mahakama ya Mwanzo, maana anayedai mali ya marehemu anatakiwa kuwa msimamizi wa mirathi. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, linaweza kuwasuluhisha, na mnunuzi naye asikilizwe kwa sababu huenda alinunua kwa nia njema. Likishindwa, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watoto wako, ambao wana haraka ya msamaha, wapewe kazi hiyo ya kutafuta karatasi za babu yao na majirani wanaoijua mipaka, na karatasi hizo zisiingie chumbani kwa mgonjwa. Nawe siku ya kwenda kumwona, nenda na mkeo au mtoto mmoja tu, na wazee wa kanisa waombe wabaki, ili mdogo wako asidhani kwamba umeletwa.